Pelagia na Ile Pointi Moja

Ilikuwa mwaka 2021. Hapana, nasema vibaya. Mwaka ule bado tulikuwa tukikaa mbalimbali kwa ajili ya maradhi, hapana mtu aliyekuwa akimwita mwenziwe kunywa chai. Ilikuwa 2023. Nnaukumbuka kwa sababu ndio mwaka daktari wa macho alipomwambia binti yangu Shaikha anifiche ufunguo wa gari, nami nikaanza kwenda kwa miguu kila pahala. Nilikuwa nikitoka baada ya sala ya alfajiri, nafuata pwani ya Ghubra, huku kwetu Oman, mpaka jua linapoanza kuuma, kisha narudi kwa njia za ndani. Siku za Jumamosi njia hiyo ikinifikisha kwa Bi Kheiria, na kwa Bi Kheiria ndiko alikokuwa Pelagia.

Nataka kumweleza Pelagia, kwa sababu watu wa mtaani kwetu wakimtaja husema "yule mfanyakazi wa Bi Kheiria", basi, wanaishia hapo. Na mie nna sababu yangu ya kumweleza, nitaifikia.

Alikuwa mwanamke mrefu, mikono mirefu, mwenda polepole. Kwao Ngara, kule Tanzania bara karibu na mpaka wa Burundi. Alisoma mpaka darasa la saba, na alichokipenda skuli, alivyotwambia mwenyewe, kilikuwa kimoja tu: netiboli. Alikuwa mfungaji. Alisimama chini ya kile kikapu akatia mipira mpaka timu yao ikapelekwa kucheza wilayani, wamevaa fulana za milia alizozishona mwalimu wao. Kisha akaolewa, akazaa wawili, mume akaenda machimboni Kahama akaoa huko. Akawaacha watoto kwa mama yake, akaja Oman. Nyumba yake ya mwanzo ilikuwa Barka, na sitaitaja ya nani. Alilala stoo, kichwa kando ya mashine ya kufulia. Alikaa huko mwaka na miezi. Bi Kheiria ndiye aliyemtoa, akamchukua kwake Ghubra, akampa chumba chenye dirisha.

Sasa, namna mwanamke wa Ngara alivyokuja kuwa mshabiki wa mpira wa Waaustralia, na mie mzee wa Kizanzibari pia, ni kazi ya Hisham, mtoto wa Bi Kheiria. Hisham alisoma uinjinia Melbourne miaka minne, akarudi na shahada pamoja na ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ni huo mpira. Si huu tunaoujua. Mpira umechongoka huku na huku kama papai dogo. Wanaupiga teke, wanaudaka kwa mikono, wanarukiana mabegani, na uwanja wao ni mviringo mkubwa hata huoni mwisho. Magoli hayana wavu. Kuna miti minne imesimama, miwili mirefu katikati na miwili mifupi pembeni. Mpira ukipita baina ya ile mirefu, pointi sita. Ukipita pembeni, baina ya mrefu na mfupi, pointi moja. Na ukigusa mti mrefu, hata ukiukwaruza tu, ni pointi moja, hata kama baadaye umeingia katikati. Haya niliyajua baada ya miezi. Mwanzo nilikuwa nacheka tu wanavyoangushana.

Kule wanacheza mchana, na mchana wao ni asubuhi yetu. Saa mbili kasorobo Hisham anawasha televisheni yake kubwa, sisi tushakaa. Alikuwapo Hisham. Alikuwapo Yaqoob, jirani, aliyestaafu kazi ya bandarini, Bandari ya Sultan Qaboos, tangu ilipokuwa ya shehena, kabla haijageuzwa ya meli za watalii. Mtu wa sauti kubwa kwa kuzoea kupigia watu kelele melini. Alikuwapo Bi Kheiria mwenyewe, asiye na timu, amekaa na tasbihi yake kama kadhi. Na mie, Sleyum.

Hisham na mie tulikuwa watu wa Wekundu. Timu ina jina lake la Kizungu, lakini sisi tuliita kwa nguo. Yaqoob alikuwa mtu wa Milia. Wekundu na Milia hawapatani tangu enzi za mababu zao, na Yaqoob na mie hatupatani tangu yeye aliponiambia kwamba Wekundu wanakimbia kama wanaowahi basi.

Pelagia mwanzo alikuwa mlangoni. Analeta sinia la vitumbua, analeta thamosi ya chai ya tangawizi, anasimama kidogo, anarudi jikoni. Siku moja Hisham na Yaqoob wanashindana kama mchezaji mmoja kaudaka mpira au hakuudaka. Maana akiudaka vizuri anapewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa.

"Kaudaka!" anasema Hisham. "Ami Yaqoob, unataka audake kwa meno?"

"Hakuudaka, yakhe! Wewe umesoma kwao lakini huoni!"

Pelagia, na sinia mkononi, akasema taratibu, "Hakudaka. Ulimponyoka kabla hajatua. Ameutuliza na paja."

Sote tukageuka. Picha ikarudiwa polepole, na kweli, paja. Yaqoob akapiga kofi la furaha akasema huyu ni mtu wa Milia, hapana mjadala. Pelagia akatazama fulana za wale wachezaji, akacheka, akasema basi sawa, hata skuli yao walivaa milia.

Bi Kheiria akamwambia, "Weka hilo sinia ukae."

"Mama, nina vyombo."

"Vyombo havina miguu, havendi pahala. Kaa hapa, karibu yangu."

Akakaa kwenye ncha ya kochi, kama mtu aliyepanda basi na kituo chake ni kinachofuata. Jumamosi ya pili akakaa kidogo zaidi. Ya tatu akaegemea. Bi Kheiria akatoa amri ambayo hakuna aliyeipinga: Jumamosi, mpaka mechi iishe, Pelagia si mtu wa kazi. Chai ataipika mapema, ataileta, basi. Kutia ni shughuli yetu.

Na kutia chai kulikuwa na desturi yake. Bi Kheiria aliitoa kwao Malindi, Unguja, ambako wazee wake wakicheza karata, aliyeshindwa ndiye anayewatilia kahawa walioshinda. Kwa hiyo kwetu, timu ikishindwa, watu wake wanasimama, wanawatilia walioshinda chai, mkono wa kulia, na husema, "Hongera, tumeshindwa." Na hawakai mpaka wenzao wamemaliza kikombe cha mwanzo. Mchezo tu. Lakini fikiri wewe, mtu ambaye wiki nzima yeye ndiye anayesimama na sinia, Jumamosi moja timu yake ikishinda, atakaa, na mwinjinia na mzee wa watu watasimama mbele yake na thamosi.

Mwezi wa Mei Milia walitufunga. Pointi ishirini na tatu. Hisham akainuka akachukua thamosi, anacheka. Mie nikainuka nikachukua fimbo yangu.

"Shaikha ananingoja nje," nikasema. "Gari iko mlangoni, mnisamehe."

Hapakuwa na gari. Nilitoka nikakaa nyuma ya ukuta wa msikiti, kwenye kivuli, mpaka nikaona nimekaa vya kutosha.

Lazima niseme kwa nini. Miaka ishirini na sita nilifanya kazi katika wizara moja kule Maskati, ndani ya mji mkongwe, na watu wengi wa Ghubra niliwaachia wafikiri nilikuwa mtu wa mafaili. Sikuwa mtu wa mafaili. Nilikuwa farashi. Nilitia chai. Nilikuja kutoka Unguja mwaka 1974 na darasa la sita langu na Kiarabu cha kuvunjikavunjika, ndugu zangu wengine wakapata vyeo, mie nikapata sinia. Asubuhi vikombe arubaini, adhuhuri arubaini. Kulikuwa na mkubwa mmoja ambaye hakuniita kwa jina hata siku moja. Alikuwa akipiga vidole, nami najua ni mie. Nilipostaafu nilijiapiza kimoyomoyo kwamba sitamtilia mtu chai tena, asiyekuwa mtu wa nyumbani kwangu. Hiyo ndiyo sababu. Naiona ndogo nikiiandika, lakini siku ile nyuma ya msikiti niliiona kubwa.

Yaqoob alinisimulia baadaye kwamba Hisham alimtilia yeye, kisha akamtilia Pelagia, na Pelagia hakujua aitie wapi mikono yake, akaiweka magotini. Alipokunywa aliacha nusu. Akasema kwa mzaha, "Bado ya Mzee Sleyum. Nitaisubiri mechi ya pili."

Mechi ya pili ilikuwa Julai. Joto la Julai Maskati mnalijua, hata saa moja asubuhi shati limeshagandana na mgongo. Nilifika nikiwa nimechoka, Pelagia akanifungulia mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mzee, leo hakuna gari linalokusubiri nje?"

Akacheka, na mie nikacheka. Alikuwa kavaa kitambaa kipya kichwani, cha milia, nyeupe na buluu. Alisema alikishona mwenyewe usiku wa Alhamisi, kutokana na shuka kuukuu. Bi Kheiria akamwambia, "Leo umekuja kunywa chai kwelikweli," naye akasema, "Leo mzee atanitilia, mama, hata akikimbia nitamfuata mpaka baharini." Yaqoob akapiga makelele ya bandarini. Nami nikasema, na sauti yangu mwenyewe, mbele ya watu wote: "Mkishinda nitakutilia. Ahadi ya mtu mzima."

Sitaieleza mechi nzima. Mpira huu una robo nne, na kila robo tulikuwa tumebanana. Wanatuzidi tatu, tunawazidi nne, wanasawazisha. Pelagia hakukaa ncha ya kochi siku ile. Alikaa katikati, kajikunyata, akimtukana mchezaji wake mmoja kwa Kihangaza, lugha ya kwao, na Bi Kheiria akamuuliza hayo ni matusi au dua. "Yote mawili, mama," akasema.

Dakika ya mwisho Wekundu themanini na nne, Milia themanini na mbili. Mchezaji mmoja wa Milia, mwembamba, akaruka nyuma ya watu watatu, akaudaka. Hapohapo king'ora kikalia, muda umekwisha. Lakini sheria yao, ukiwa umeudaka kabla ya king'ora, unaruhusiwa kupiga. Mtu peke yake, na uwanja mzima umesimama. Akitia katikati, sita, wanashinda. Akikosa, tumeshinda sisi.

Hisham aliufunika uso kwa mto. Yaqoob alikuwa amesimama juu ya zulia, miguu mitupu, anasema, "Polepole baba, polepole baba," kama anaiongoza meli igote gatini.

Akapiga. Mpira ukaenda juu, ukazunguka, ukaingia. Mie kwa macho yangu niliona umeingia.

"Goooli!" Yaqoob alipiga ukelele mpaka mbwa wa jirani akabweka. "Sleyum! Thamosi ile pale! Simama, baba, simama!"

Lakini mwamuzi hakuinua vidole vya kukubali goli. Alikuwa anachora mraba hewani, maana yake anataka wenziwe watazame picha. Ikarudiwa. Mara ya kwanza, umeingia. Mara ya pili, umeingia. Hisham kaondoa mto, anasema, "Umegusa, umegusa mti." Yaqoob anasema, "Umegusa nini? Upepo? Hisham, mche Mungu, mpira uko katikati!" Wanaelekezana vidole. Mie sioni kitu, naona wingu jekundu na jeupe. Bi Kheiria akasema, "Nyamazeni. Mwenye macho humu ni mmoja. Pelagia, umeona nini?"

Pelagia alikuwa ameinama mbele. Alikuwa anatazama ile picha inayorudiwa, midomo kaibana. Yaqoob akamwambia, "Sema, dada yangu. Sema umeingia."

Pelagia akasogea karibu na televisheni. Kisha akasema, "Umegusa. Ulikuwa unazunguka hivi," akaonesha kwa kidole, "ulipofika mtini ukazunguka hivi. Kikapu cha netiboli kinafanya hivyohivyo. Umegusa mti, kaka Yaqoob."

Na mara alipomaliza kusema, pale Australia wakatoa jawabu: pointi moja. Themanini na nne kwa themanini na tatu.

Hisham akaruka. Na mie nikaruka, mzee wa miaka sabini na mbili, fimbo ikaanguka. Nilikuwa na furaha, sikatai, lakini chini ya furaha kulikuwa na kitu kingine. Kulikuwa na kupumua. Nimepona. Sitasimama na thamosi. Na huko kupumua ndiko kulikonifungua mdomo. Nikamnyooshea Pelagia mkono, nikasema kwa sauti ya kuchekesha watu:

"Haya inuka utie chai, Pelagia! Si ndiyo kazi yako!"

Nilicheka peke yangu.

Sijui kama ulishawahi kucheka peke yako katika chumba cha watu watano. Sauti inarudi. Hisham aliteremsha mikono. Yaqoob, mtu asiyenyamaza, akaanza kutafuta makubadhi yake. Pelagia hakukasirika, laiti angalikasirika. Aliinuka. Akachukua thamosi, akanitilia mie kwanza kwa kuwa mie ndiye mkubwa, mkono wa kulia, akasema, "Hongera, tumeshindwa." Akamtilia Hisham, akasema vilevile. Akasimama mpaka tukamaliza, maana ndiyo desturi. Nilikinywa kile kikombe chote. Tangawizi ilikuwa kali na sikujua nifanye nini ila kukimaliza. Kisha akakusanya vikombe, na cha Yaqoob, na cha Bi Kheiria ambacho kilikuwa bado kimejaa, akaenda jikoni. Tukasikia maji yanafunguliwa.

"Mama Hisham, nilikuwa nafanya mzaha," nikasema.

Bi Kheiria alikuwa anavuta tasbihi bila kuihesabu. Akaniambia, na hakupandisha sauti, "Bwana Sleyum. Marehemu mume wangu alikunywa chai mkononi mwako miaka tisa, kule wizarani. Akija nyumbani anakutaja. Sleyum kasema hivi, Sleyum kasema vile. Alikwambia hata siku moja kwamba ndiyo kazi yako?"

Nikasema, "Hapana."

"Alikwambia nini?"

"Akiniambia ahsante."

Bi Kheiria alikuwa anajua siku zote, na alinistahi akanyamaza. Hisham alitazama chini. Yeye alikuwa hajui, naye sasa akajua, na hata hilo halikuniuma kama lile la mama yake. Nilitafuta fimbo yangu, nikatoka. Safari hii pia hapakuwa na gari nje.

Jumamosi iliyofuata nikaenda. Pelagia akanifungulia, "Shikamoo, mzee," sauti ileile. Akaleta sinia. Bi Kheiria akagusa kochi kando yake, akasema, "Kaa, mwanangu." Pelagia akasema, "Nina vyombo, mama," na Bi Kheiria safari hii hakumshikilia. Pelagia alisimama mlangoni kidogo, akatazama matokeo, akaenda zake. Milia walikuwa wanacheza siku hiyo. Yaqoob alisema mara mbili, "Ah, mpira gani huu," akaondoka kabla ya robo ya nne. Na Jumamosi nyingine, hivyohivyo. Mahali pake pale kwenye kochi Bi Kheiria akapaweka mto.

Nikaona lazima nifanye jambo. Pelagia alikuwa Mkatoliki, na Ijumaa, siku ya mapumziko huku, alikuwa akienda misani, kanisa lililoko Ghala. Si mbali sana na Ghubra kwa mtu aliyezoea kutembea. Nikaipika chai mwenyewe, tangawizi, iliki, nikaitia thamosini, nikachukua kikombe kizuri cha marehemu mke wangu nikakizungushia taulo, nikatoka mapema. Sala ya Ijumaa nikaiwahi msikiti wa njiani, kisha nikaenda kusimama getini kwao, kwenye upande wa kivuli. Wafilipino, Wahindi, watu wa kwetu Afrika, walikuwa wanatoka makundi kwa makundi, wamependeza. Walinitazama, mzee wa Kiomani, kofia na fimbo, kasimama na thamosi.

Pelagia akatoka na rafiki yake mmoja wa Mbeya, Bupe, msichana mfupi mwenye kicheko. Nikamwita. Nikafungua thamosi palepale, nikatia, mkono wa kulia, nikampa.

Bupe akamuuliza kwa sauti ya chini, lakini nilisikia, "Ndiye yule babu?"

"Nyamaza, Bupe," akasema Pelagia.

Kwa hiyo kuna watu nisiowajua, huko Ghala na Ruwi na sijui wapi, mie kwao ni "yule babu". Niliiona haya ikinipanda tangu shingoni. Nikasema maneno niliyoyapanga njia nzima, kwamba nimekosa, kwamba mdomo ulinitangulia, kwamba na mie nilikuwa mtu wa sinia miaka mingi na nilistahiki kujua kuliko wote, kwamba chai hii ni yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Watu walikuwa wamesimama wanatazama, na kwake yeye ilikuwa taabu, sasa naliona hilo. Nilimsimamisha mbele ya kanisa lake kama shahidi. Alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mzee, nimekusamehe," akasema. "Siku ileile nilikusamehe. Lakini chai hii siwezi kunywa."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Timu yangu ilishindwa. Aliyeshindwa hatiliwi."

Akanirudishia kikombe, kimejaa vilevile, kwa uangalifu kisinimwagikie. Akaniambia jua kali, nisirudi kwa miguu, na akamtuma Bupe anitafutie teksi. Nikamkatalia Bupe. Nilirudi kwa miguu.

Huko nyuma nilikuwa nikijisemea kwamba nilichomkosea ni neno. Neno mtu huomba radhi, likaisha. Kumbe alikuwa na pahala pamoja tu katika mji huu mzima, pale kwenye kochi, Jumamosi, saa mbili mpaka saa tano, ambapo hakuwa mfanyakazi wa mtu. Alikuwa mtu wa Milia. Alisema kweli juu ya timu yake mwenyewe, alipokuwa na haja ya kusema uongo kuliko sisi sote, na angaliweza kunyamaza tu. Na jawabu nililompa kwa ile kweli ni kumrudisha jikoni.

Mwezi wa Septemba, kabla ya fainali zao, mkataba wake ukaisha, akarudi Ngara. Sikuwapo. Wiki ile nilikuwa Nizwa kwa ndugu wa mke wangu, natembea tembea huko. Niliporudi nikakuta mlango unafunguliwa na Hisham.

"Pelagia yuko wapi?"

"Kaenda kwao, ami. Jumanne. Mtoto wake Elikana anaingia sekondari, alitaka awepo."

Nikamuuliza Bi Kheiria kama aliacha salamu. Akazitaja: kwa Yaqoob, kwa majirani wa upande wa pili, kwa muuza samaki. Kisha akanisogezea sahani ya vitumbua ambavyo havikuwa vya Pelagia.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, Milia walitufunga tena. Safari hii nilisimama kabla ya Hisham. Nikamtilia Yaqoob chai, nikasema, "Hongera, tumeshindwa," nikasubiri kwa miguu yangu mpaka akamaliza. Yaqoob alikunywa haraka, bila kelele, anitoe katika adha. Hapakuwa na mtu mwingine wa Milia wa kumtilia.

Siku ile nikamwomba Hisham anipe namba ya Ngara, akanifundisha namna ya kutuma sauti kwa simu. Nikatoka nje ili nisisikilizwe, nikakaa kwenye ngazi. Nilimpa khabari ya mechi, Milia wameshinda kwa pointi kumi na moja, yule mwembamba kafunga tatu. Nilimuuliza watoto. Kisha nikamuuliza lile lililokuwa likinirudia njiani kila ninapotembea. Hisham alinionesha zile alama mbili zikigeuka buluu, maana yake kaisikiliza. Huu ni mwezi wa saba sasa tangu nimtumie, jibu halijaja. Swali hilohilo nilimuuliza Hisham pia, na Yaqoob, kila mmoja akiwa peke yake, na kila mmoja alikumbuka ana shughuli. Nilimwambia hivi: Pelagia, mwanangu, siku ile, lau ule mpira ungalipita bila ya kugusa mti, ulikuwa unatazamia kweli kwamba nitasimama nikutilie, au ulishanijua tangu mwezi wa Mei?